Nilivyoisingizia nozeli

Sufuria ndiyo iliyonipa habari mwanzo. Ndani ya mashua yetu, Subira, kuna jiko dogo la gesi, mkono wa kulia ukishuka ngazi, na juu yake hukaa sufuria ya chai yenye mfuniko uliopinda. Mwezi wa tatu, wakati wa maleleji, tukirudi kutoka kisiwa cha Changuu bila upepo, mfuniko ule ukaanza kulia. Injini ikiwa raundi 1,500 kwa dakika, kimya. Ikifika 1,800, unalia kama kengele ya muuza aiskrimu. Nikipanda hadi 2,400 unanyamaza, lakini sakafu inakuwasha nyayo.

Kama hujawahi kupita hapa, Subira ni mashua ya faiba aina ya Westerly Centaur, futi 26, mchoro wa ofisi ya Laurent Giles ya Uingereza. Zilianza kuundwa 1969 na zilitoka zaidi ya 2,000. Hii yetu ililetwa Unguja na mgeni aliyekuja kwa tanga akaondoka kwa ndege. Tuliinunua mimi na shemegi yangu aliyeko Dubai. Yeye alitoa fedha, mimi nikatoa mikono. Ina mikuku miwili, yale mapezi ya chini ya chombo, kushoto na kulia, kwa hiyo maji yakipwa inasimama mchangani yenyewe kama ng'ombe. Injini yake ni Yanmar 2GM20, dizeli ya silinda mbili, nguvu farasi 18.

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Mwanakwerekwe. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyoniponza. Miaka kumi na tisa ya kusikiliza magari hukufanya uamini sikio lako kuliko unavyopaswa. Mtetemo ule niliusikiliza dakika mbili, nikamwambia kijana wangu: nozeli, kile kidude kinachopuliza dizeli ndani ya silinda. Silinda moja inamisi.

Nikafungua nozeli zote mbili nikazipeleka kwa jamaa anayepima pampu. Moja ilikuwa inatema kidogo badala ya kupuliza ukungu. Tukazisafisha, tukaziweka presha, nikalipa 60,000. Nikafika mbali zaidi: nikafungua kofia ya juu nikapima tapeti, yaani uwazi wa vali, milimita 0.2 injini ikiwa baridi, kama kitabu kinavyotaka. Nikarudisha kila kitu, nikawasha pale pale nangani. Injini ikaitika tamu. Nikapandisha hadi 2,000 gia ikiwa huru, mfuniko wa sufuria umelala kimya. Nikapiga picha nikamtumia shemegi, na maneno ya kujisifu juu yake.

Kesho yake tukang'oa nanga, nikatia gia. 1,800. Kengele ya aiskrimu.

Hapo niliona haya peke yangu. Ukiniletea gari linalotetemeka likifika spidi 80 tu, na likisimama linatulia, huwezi kunishawishi nifungue nozeli. Nitakwambia balansi ya tairi, nitakwambia propela shafti. Lakini siku ile akili ya gereji niliiacha ufukweni pamoja na viatu. Kitu kinachotetemeka kwenye gia na kutulia gia ikiwa huru kinakwambia chenyewe kimekaa wapi: nyuma ya giaboksi, au pale injini inapokutana na yale yaliyo nyuma ya giaboksi.

Tena kipimo cha nozeli chenyewe ni cha bure. Injini ikiwa inanguruma polepole, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa spana, sikiliza injini inavyoanguka, kaza. Fanya hivyo kwa ya pili. Zikianguka sawasawa, silinda zote zinafanya kazi. Nilikuja kuyafanya haya baadaye, kwa hasira, na zikaanguka sawasawa. Nilichopata siku ile ni kumwaga dizeli kidogo juu ya injini. Liweke akilini hilo la dizeli.

Na mtu asitishwe na injini ya silinda mbili inayotikisika ikiwa kwenye raundi 850. Ndivyo ilivyozaliwa. Inayumba kwenye mipira yake kama mzee anayecheka, na ukiipandisha kidogo inatulia.

Mwezi wa tano kusi lilikuwa limeshaingia. Ami yangu alikuja kutembea nasi. Huyu ni nahodha wa zamani, amepeleka jahazi Pangani, Tanga na Mombasa enzi ambazo injini ilikuwa kitu cha meli za serikali, na mpaka leo haipendi. Tulikuwa tumetoka tu mbele ya Shangani, mimi nimeinama kwenye injini na tochi mdomoni, yeye kakaa usukanini.

"Mwanangu, upepo huo umekuja. Zima hicho kinu."

"Ami, napima kitu."

"Utapima kesho. Tweka tanga."

Nikazima. Tukatweka tanga, Subira ikalala kidogo ubavu, tukashika mwendo wa noti tano hivi, yaani maili tano za baharini kwa saa. Gia ilikuwa huru, kwa hiyo propela ikawa inazungushwa na maji. Na pale chini ya miguu ya Ami, injini ikiwa imekufa kabisa, nikasikia: du, du, du, du. Polepole, zito, kama mtu anayegonga mlango asitake kuwaamsha majirani.

Nikashuka chini nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba la nyuma linalobeba shafti, na mpini sikioni. Lile du likaingia kichwani. Glendi nayo, ile inayozuia maji pale shafti inapoingia, ilikuwa inachuruza. Kwa kawaida inadondosha tone moja moja. Nikamwambia Ami ageuze chombo kidogo, apunguze mwendo. Du likapungua pamoja na mwendo. Nozeli gani tena? Injini yenyewe ilikuwa imezimwa.

Nikasubiri bamvua. Huku kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, na ndiyo gati yetu sisi tusio na winchi. Maji yakijaa unasogeza chombo karibu na ufukwe, yakipwa una saa kadhaa za kufanya kazi chini yake kwenye mchanga mkavu, kisha bahari inarudi kudai mahali pake.

Nikaishika propela kwa mikono miwili nikaitikisa juu na chini. Ikagonga. Ilicheza zaidi ya milimita moja, na hapo ilitakiwa isicheze hata nusu yake. Ndani ya lile bomba kuna beringi isiyofanana na ya gari: ni mpira wenye mifereji uliovikwa shaba, na kilainishi chake ni maji ya bahari yenyewe. Ukiendesha kwenye maji yenye mchanga, inalika. Nilikuwa na mpya, aliiacha yule mgeni kabatini ndani ya karatasi ya nailoni, Mungu amjaalie.

Kuitoa ya zamani kulinipa taabu ya kukumbukwa. Ilibidi kufungua kaplingi ndani, kile kiungo cha shafti na giaboksi, kung'oa propela, kuvuta shafti yote nyuma ikapita ubavuni mwa usukani kwa unene wa unywele, halafu kulala chali mchangani na bleti ya msumeno wa chuma mkononi, bila fremu, nikikata shaba ya beringi kwa ndani kwa urefu wake. Ukikata kidogo mno haitoki. Ukikata kupita kiasi umelikata bomba la chombo. Nilikuwa nakata vuta kumi, naingiza kidole kupapasa, nakata vuta kumi. Kijana wangu alikuwa kasimama kando na kigingi cha mti nilichokichonga usiku, kazi yake ni moja tu: maji yakifika kwenye mkuku na mimi sijamaliza, alizibe tundu. Hatukukihitaji kigingi, lakini bleti tatu zilikatika.

Beringi ya zamani ilipotoka nikaigeuza mkononi. Kwa mbele ilikuwa imelika upande wa chini. Kwa nyuma ilikuwa imelika upande wa juu. Nikaiangalia, nikasema "imechoka hii," nikaitupa kwenye ndoo.

Fundi anayejua angekaa chini pale pale. Beringi iliyozeeka kwa kazi ya halali inalika mzunguko mzima. Iliyolika mbele chini na nyuma juu inakwambia kwamba shafti ilikuwa imelala ndani yake kwa kupinda, kichwa cha ndani kimeshuka. Ushahidi wote ulikuwa kwenye kiganja changu. Nikauona wiki sita baadaye, nilipokwenda kuitafuta kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Kwa sababu mtetemo ulirudi. Beringi mpya ililiua lile du, na safari mbili za mwanzo nilijiona mfalme. Safari ya tatu, 1,800, mfuniko ukaanza tena, kwa sauti ndogo. Sasa nilikuwa nimeshaacha kuamini masikio. Nikapakua kwenye simu programu ya bure inayosoma mtetemo na kukuonyesha unapiga mara ngapi kwa sekunde, nikaifunga simu kwa utepe kwenye mbao zinazobeba injini.

Hesabu yake nyepesi. Injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, hiyo ni mara 30 kwa sekunde. Lakini shafti haizunguki kwa kasi ya injini. Kwenye giaboksi ya Subira pamebandikwa kibati chenye tarakimu: mbele 2.62, nyuma 3.06. Yaani ukienda mbele, injini inazunguka mara 2.62 ndipo shafti izunguke mara moja. Gawa 30 kwa 2.62, unapata kama 11.4. Ukirudi nyuma, gawa kwa 3.06, unapata 9.8.

Tulitoka alfajiri, bahari imelala kama kioo. Mbele, 1,800: kilima kikubwa kwenye kioo cha simu kikasimama kwenye 11 na kitu. Nikasimamisha chombo, nikatia gia ya nyuma, 1,800 ile ile: kilima kikahamia chini kidogo ya 10. Injini ilikuwa inazunguka kwa kasi moja mara zote mbili. Kilichobadilika ni shafti peke yake, na mtetemo ukaifuata. Nakwambia nilicheka kwa sauti, mvuvi mmoja kwenye ngalawa akageuka kuniangalia. Kipimo hiki cha kurudi nyuma sijafundishwa na mtu, nilikitoa kwenye kile kibati, na ndicho ninachojivunia katika habari yote hii, kwa sababu mengine yote ni aibu.

Shafti, basi. Lakini shafti ina mambo matatu: propela yenye panga lililopinda, shafti iliyopinda, au alaimenti, yaani injini na shafti kutokaa kwenye mstari mmoja. Propela niliishaipima siku ya bamvua kwa fito niliyoichomeka mchangani: mapanga yote matatu yalipita pale pale. Zikabaki mbili.

Nikafungua boliti nne za kaplingi, chombo kikiwa kinaelea. Hili la kuelea nalisisitiza. Subira ikiwa mchangani imebebwa na mikuku, ikiwa majini imebebwa na maji tumbo zima, na umbo lake si lile lile hata ukiona ni gumu. Anayepiga alaimenti chombo kikiwa nchi kavu na kuondoka anajifurahisha tu. Nikazitenganisha sahani mbili, ya giaboksi na ya shafti, nikazileta karibu hadi ziguse, nikapitisha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, pande nne. Juu: ya milimita 0.05 haikupita kwa urahisi. Chini: 0.5 ikaingia bila kusukumwa. Sahani yenyewe ina upana wa milimita 100 hivi, na kanuni wanayoitumia mafundi wa vyombo ni kwamba tofauti isizidi 0.1 kwa upana huo. Nilikuwa nimeizidi mara nne na nusu.

Kisha nikaizungusha sahani ya shafti nusu duara, ile ya giaboksi ikiwa imetulia, nikapima tena. Kama shafti ingekuwa imepinda, uwazi ungehama nayo kwenda juu. Haukuhama. Ulibaki chini. Kwa hiyo shafti ni nzima, na injini ndiyo iliyoshuka makalio.

Injini hii inakaa juu ya mipira minne, kila pembe mmoja, kila mmoja umefunikwa na kofia ya chuma. Ukitazama kwa juu yote minne ni sawa, imepakwa rangi, inapendeza. Nilichukua kipande cha ubao nikakitumia kama wenzo, pembe moja baada ya nyingine. Mbele kulia ikakataa. Mbele kushoto ikakataa. Nyuma kulia ikakataa. Nyuma kushoto, injini ikainuka kama mtu anayeamshwa, na nilipoachia ikashuka polepole, bila kuruka. Nikaingiza kidole chini ya kofia. Mpira ulikuwa umevimba, laini, unateleza. Nikaubonyeza kwa ukucha na alama ya ukucha ikabaki. Nikanusa kidole.

Dizeli.

Nikainua macho taratibu kutoka kwenye ule mpira. Juu yake kabisa, ukutani, limefungwa chujio la kwanza la dizeli, lile la kutenganisha maji. Nililifunga mimi, kwa mikono yangu, mahali pazuri panapofikika. Kila mwezi kwa miaka mitatu nimekuwa nikifungua kile kikoki cha chini kutoa maji, nakinga kikombe, nafunga, naondoa kikombe. Na kila mara yale matone mawili matatu ya mwisho yanateremka ukutani, yanapita kwenye mkono wa chuma, yanaingia chini ya kofia. Mpira wa aina hii hauvumilii dizeli. Unavimba, unakuwa uji, injini inazama pembe hiyo milimita chache, kaplingi inapinda, shafti inakula beringi, na fundi kutoka Mwanakwerekwe anakwenda kupima nozeli.

Mipira haibadilishwi mmoja. Ukiweka mpya mmoja kati ya mitatu iliyokwishajikalia, umejitafutia alaimenti ya kila mwezi. Tena ina ugumu tofauti, umepigwa tarakimu juu yake, 75, 100, na kuendelea, na ya mbele si lazima ilingane na ya nyuma, kwa hiyo nilizisoma zote nikazipiga picha kabla ya kuagiza. Shemegi akaniletea yote minne kwenye begi lake alipokuja likizo.

"Shemegi, yaani nimebeba kilo hizi zote za mpira nikaacha perfyumu za dada yako?"

Sikumwambia kilichoiua ile ya zamani. Atayasoma hapa.

Kazi ya kuiweka ilichukua siku moja: boriti juu ya mlango, mnyororo, na jeki ya gari chini ya ubao kusaidia, pembe moja moja. Halafu nikaiacha siku nne bila kufunga kaplingi, ili mipira ipate uzito wa injini na kujikalia. Baada ya hapo ndiyo alaimenti yenyewe, na ile ilikula saa saba. Unapandisha nati ya nyuma kushoto sehemu ndogo ya mzunguko, unapima. Juu chini imekaa sawa, kushoto kulia imeharibika. Unasogeza injini kwa wenzo upana wa karatasi, unapima. Imekaa. Unakaza nati za kufungia, unapima, na kule kukaza kwenyewe kumeiondoa. Saa ya tano nilipanda juu nikala embe zima bila kusema na mtu. Mwisho wake fila ya 0.05 ilipita pande zote nne kwa uzito mmoja, na ya 0.1 ikakataa pande zote nne.

Chini ya chujio sasa kuna chupa ya maji ya lita moja na nusu, imekatwa nusu, imefungwa kwa waya. Nimelihamisha na chujio lenyewe mkono mmoja kwenda mbele, mbali na kila kitu cha mpira.

Jumapili tulikwenda Changuu na Ami. Nilipita 1,800 mara nne, kwenda na kurudi, simu ikiwa imefungwa pale pale kwenye mbao. Kile kilima cha 11 kimebaki kichuguu. Mfuniko wa sufuria umetulia. Ami aliuliza mbona leo kinu hakipigi kelele, nikamwambia nimekitengeneza, akasema basi kizime tuone tanga.

Glendi bado inadondosha kuliko ninavyopenda, kwa sababu kamba zake zilizoea shafti iliyokuwa ikirukaruka. Nimekwishanunua kamba mpya ya grisi. Nangoja maji mafu yaishe, bamvua lirudi.